Bweni Linalonukia Kuliko Yote

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za kawaida, mimi ninachoomba ni unisaidie kabla ya Jumamosi maana hiyo Jumamosi ndiyo inayoninyima usingizi. Mimi ni mlezi wa mabweni katika shule ya sekondari ya wasichana, shule ya kulala, kazi yangu ni kuhakikisha watoto wa watu wanaoga, wanafua, wanakwenda zahanati wakiumwa, na wanaamka saa ambayo hakuna binadamu wa kawaida anapenda kuamka. Mbele yangu wananiita Matroni, nikigeuka wananiita Matroni Pua, najua, na sijawahi kukasirika kwa sababu jina hilo nimelifanyia kazi. Mimi naweza kusimama mlangoni tu nikakwambia kuna soksi imelowekwa ikasahauliwa chini ya kitanda cha dirishani, na soksi ikatafutwa ikapatikana.

Sasa pua hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Mwanzoni mwa mwaka niliona mabweni yananuka unyevunyevu na wasichana hawajali, nikabuni shindano. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana wanasimama kando ya vitanda vyao, mimi napita bweni kwa bweni, nakagua shuka, nainama chini ya vitanda, halafu nasimama katikati, nafumba macho, navuta pumzi, na bweni linalonukia kuliko yote linapata zawadi. Mkuu wa shule alilipenda wazo langu, akanisifu mbele ya walimu nikavimba kichwa, akaniruhusu kutoa zawadi kutoka fungu la usafi, na mimi kwa akili yangu nikaona shindano la harufu zawadi yake ni marashi ya kupuliza chumbani, lile kopo kubwa lenye picha ya maua. Yaani wakinukia vizuri nawapa kitu cha kuwafanya wanukie zaidi. Nilijiona nimepatia kwelikweli.

Bweni la tatu likashinda, likashinda tena, likawa halishindiki, mpaka mabweni mengine yakaanza kunung'unika kwamba kuna upendeleo, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu kiranja wa bweni la tatu ni mtoto wa dada yangu, dada yangu wa tumbo moja. Shuleni ananiita Matroni kama wenzake, tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza, lakini wakati wa likizo ni Mama mdogo hiki, Mama mdogo kile, asubuhi mpaka jioni. Ni mtoto mcheshi, ana akili, na ukoo mzima umeshamvika koti la daktari hata kabla hajafanya mtihani wa mwisho, ambao anaufanya mwaka huu. Dada aliponikabidhi alisema, "Huyu sasa ni wako, sina wasiwasi naye tena." Nami nikaitikia kwa mbwembwe zote.

Katikati ya muhula nilianza kuona vitu, na kila nilichokiona nilikipa jibu mwenyewe. Alitoka vipele vyekundu kuzunguka mdomo na pua, nikasema ni ujana huo, nikampa mafuta apake. Akawa haji kunywa chai, anasema kichwa kinamgonga, nikasema ni kusoma sana. Makopo ya zawadi yakawa yanakwisha upesi mno, nikasema wasichana bwana, wanapenda kunukia. Jioni moja aliingia kwenye chumba cha kujisomea anayumba, macho yamelegea, anacheka jambo ambalo hakuna aliyelisema, na mwalimu wa zamu akaniita mimi na pua yangu nimnuse kama amekunywa pombe. Nikamnusa. Pombe hakuna hata tone, alinukia maua matupu, nikamwambia mwalimu asimsumbue mtoto wa watu, huyu ndiye msafi kuliko wote humu ndani.

Hata Ijumaa ya mwisho, nilipomkabidhi kopo mbele ya wenzake alilipokea kisha akanirudishia, akasema taratibu, "Matroni, safari hii wape bweni la nne. Na wao wamejitahidi." Nikawaambia wasichana wote mmeona unyenyekevu wa kiongozi, mpigieni makofi, wakapiga, nikamrudishia kopo lake.

Basi Jumatatu mchana, saa ya mapumziko, nikaenda chumba cha kupigia pasi kutafuta pasi iliyoripotiwa kwamba waya wake umechunika. Mlango umeegeshwa. Nikausukuma, nikakuta wasichana watatu wamekaa sakafuni wameegemea ukuta, kila mmoja ana taulo usoni, kopo langu lenye picha ya maua liko katikati yao, na mmoja wao ni yeye. Mshauri, nilipiga ukelele ambao hata mimi sikujua ninao. Wakakurupuka kukimbia, wenzake wawili wakapita, yeye miguu ikamwisha nguvu akaanguka pale mlangoni. Midomo ilibadilika rangi, na moyo ulikuwa unapiga hivi mpaka nauona juu ya shati. Baada ya muda akafumbua macho akakaa. Nikasema moyoni, huo ni woga tu wa kukamatwa.

Hapa shuleni mwenye kosa anakimbia uwanja, ndiyo adhabu yetu, nami sikutaka ionekane namwonea huruma kwa kuwa ni damu yangu, na isitoshe niliona jasho litawatoa huo uchafu mwilini. Nikawakusanya wote watatu nikawapeleka uwanjani na jua lile, nikawaambia kimbieni mpaka niseme basi. Mzunguko wa pili yeye akachuchumaa katikati ya njia, ameshika kifua, akaniita Mama mdogo mbele ya shule nzima. "Mama mdogo, moyo." Nikamwambia hapa hakuna mama mdogo, lakini nikamruhusu akae kivulini nikampa maji ya sukari. Jioni alikuwa mzima.

Baadaye nilimwita ofisini kwangu nikamuuliza ilianzaje. Akasema, "Mwanzoni tulikuwa tunacheka tu. Inakata mawazo kidogo. Sasa nisipoipata hata kitabu hakishikiki." Akalia. Akaniomba kitu kimoja tu, nisimwambie mama yake.

Sasa sikia kilichonibana. Mwalimu wa nidhamu naye amepata minong'ono kuhusu bweni la tatu, hajui kwamba mimi nimeshaona, maana mbio zile za Jumatatu nilisema ni adhabu ya kelele. Amepanga msako Jumamosi saa ya mapumziko, yeye na walimu wenzake, filimbi milangoni, waingie kwa kishindo wawakute na makopo mkononi, wawatoe mbio mpaka uwanja wa mikutano, na watakaokamatwa wafungashe mizigo siku hiyohiyo, ndivyo sheria yetu ilivyo. Ameniomba funguo. Nikinyamaza, mtoto wa dada yangu anafukuzwa na mtihani uko mlangoni. Nikimtonya, nimeisaliti kazi yangu. Nikisema ninachojua, watauliza makopo yametoka wapi, na jibu ni mimi. Dada yangu anapiga simu kila Jumapili, anauliza, "Mwanangu hajambo?" Nami hujibu hajambo, lakini Jumapili hii sauti yangu mwenyewe naiogopa. Nimtaje? Nimfiche? Au nimhamishe bweni kimyakimya mambo yapoe yenyewe? Naomba unijibu kama unavyomjibu mdogo wako.

Ni mimi,
Matroni Pua

*

Matroni,

Kwanza kabisa weka hizo funguo mfukoni mwako na usimpe mtu.

Barua yako ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa uliacha namba ya simu sikungoja gazeti. Nilikupigia, ukapokea ukidhani ni muuza sabuni wa shule, tukazungumza. Jioni ukaniletea ujumbe kwamba umemwambia mkuu wa shule msako ni hatari, msako umefutwa, na mwalimu wa nidhamu amenuna. Mwache anune. Mengi ya hapa chini nilishakwambia siku ile, nayachapisha kwa sababu najua walezi, walimu na wazazi wengine wanasoma ukurasa huu huku wakisema moyoni "wa kwangu hana hayo". Liko moja ambalo sikukwambia, nitalifikia.

Wewe umeniuliza umtaje au umfiche. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipoandika neno daktari, nikalipata mara moja tu, kwenye koti ambalo ukoo umemvika mtoto. Umehofia kazi yako, umemhofia dada yako, umehofia mtihani, na yote hayo ni halali kuyahofia. Lakini mtoto alichuchumaa akakwambia "moyo", nawe ukamjibu kuhusu vyeo.

Mimi najua mambo ya nyumba na ya watu, ya mapigo ya moyo nilikwenda kumuuliza mwenye kazi yake. Daktari ameniambia hivi. Ile hewa iliyomo ndani ya makopo ya kupuliza, ikivutwa, inaufanya moyo uwe mwepesi kukosea. Ukiongeza mshtuko wa ghafla, ukelele, filimbi, au mbio, moyo unaweza kupoteza mpigo wake na kusimama. Unaweza kusimama kwa mtoto ambaye ndiyo mara yake ya kwanza na hajawahi kuumwa hata mafua. Kwa hiyo pale mlangoni haukuwa woga wa kukamatwa. Na ile adhabu ya uwanja, uliyoitoa ili usionekane una upendeleo, ndicho kitu kibaya kuliko vyote ulivyoweza kumfanyia kwa saa ile. Yuko hai kwa bahati, Matroni. Nalisema wazi kwa sababu Jumamosi bahati hiyo ingetafutwa kwa filimbi, bweni zima.

Kwa hiyo ukiwakuta tena, wewe au mwingine yeyote, usipige kelele na usimkimbize mtu. Ongea kama unayeulizia pasi. Fungua madirisha, chukua kopo na taulo, na kama kuna pasi ya moto chomoa, maana vitu hivyo hushika moto na wewe ulikuwa kwenye chumba cha pasi, Mungu alikuona. Mkalishe palepale penye hewa, akilegea mlaze ubavu, kaa naye mpaka akili zimrudie. Maji ya sukari weka mbali, mtu aliyelewalewa ukimnywesha anaweza kupaliwa. Akizimia, ita msaada wa hospitali mara moja, na asipopumua anzeni kumkandamiza kifua. Kama hamjui kufanya hivyo, muuguzi wa zahanati yenu awafundishe wiki hii, na mwalimu wa nidhamu akae mstari wa mbele, itampunguzia kununa. Kopo liende hospitali pamoja na mgonjwa. Maswali ya nani kaanza, nani kaleta, ni ya kesho yake.

Kuhusu dalili sitakuchosha, kwa sababu zote uliziona wewe mwenyewe ukaziandika vizuri kuliko kitabu. Vipele vya mdomoni, kichwa, chakula kukataliwa, kuyumba bila pombe, kucheka kusikokuwa na sababu, kopo kubwa kuisha kama maji. Pua yako ilifanya kazi yake sawasawa. Ilikuletea maua mdomoni mwa mtoto, wewe ukaandika "usafi". Siku nyingine ikikuletea harufu nzuri mahali isipostahili kuwa, pumzini mwa mtu, kwenye mkono wa shati, kwenye taulo lililojikunja chini ya mto, iamini. Na si marashi peke yake, gundi, petroli, rangi na dawa ya kufutia rangi ya kucha ni ukoo mmoja. Lakini usiende kuyataja hayo yote mbele ya mkutano wa shule, ukieleza lipi linafanya nini, utakuwa umefungua darasa. Waambie wasichana mambo mawili tu: linaweza kuua mara ya kwanza, na anayekuja kusema kwamba mwenzake ameanguka hataadhibiwa.

Sasa swali lako. Mtaje. Ila kabla hujamtaja yeye, jitaje wewe. Nenda kwa mkuu wa shule umwambie, "Makopo ni ya zawadi, zawadi ni wazo langu, na wewe ulilipitisha, kwa hiyo tumelitengeneza hili tukiwa wote wawili." Sema hivyohivyo, kwa adabu. Shule ambayo imegawa kitu hicho kila Ijumaa kwa makofi haina uso wa kumfungashia mtoto mizigo kwa sababu amekitumia vibaya. Ukishasema hilo, mwombe wasichana hawa wachukuliwe kama wagonjwa, wapimwe, wapewe mshauri wa kuwaona kila wiki, na wakae shuleni panapo macho ya watu. Ukimfukuza, unampeleka nyumbani ambako makopo yako dukani, na mama yake, uliniambia kwenye simu, yuko kazini mchana kutwa. Wanaweza kukuachisha kazi kwa hili, sikufichi. Nadhani hawatakuachisha, ila hata wakikuachisha, bado nitakwambia ukaseme.

Nimesema wasichana hawa. Walikuwa watatu. Hao wawili waliopita mlangoni wakaenda kukimbia uwanja na jua lile, baada ya hapo hawapo tena kwenye barua yako. Nao wana mama zao, na kila mama alikukabidhi wa kwake. Wote watatu waende hospitali, moyo upimwe, na daktari aambiwe ukweli mzima.

Kumhamisha bweni futa. Utakuwa umepeleka ugonjwa bweni la nne.

Dada yako mpigie leo, usingoje Jumapili. Najua mtoto alikuomba usimwambie, na utamweleza kwamba ombi hilo huwezi kulitimiza, kisha piga simu mtoto akiwa amekaa pembeni yako, asije akahisi amesemwa kisogoni. Dada yako atafoka. Pengine atakutolea maneno ambayo mtayazungumza miaka kumi ijayo. Vumilia, unastahili kuyasikia. Akishatulia mwambie na hili la koti la daktari, wamvue kidogo. Mtoto anayesema "inakata mawazo" ana mawazo, na nani aliyempa hamhitaji kwenda mbali kumtafuta.

Siku za mwanzo za kuacha atakuwa na hasira, usingizi utampotea, kichwa kitauma, na kitabu hakitashikika kweli. Usiseme ni kiburi. Mwenzake mmoja wa kuaminika awe naye saa za mapumziko, saa hiyo ndiyo mbaya. Akirudia mara moja, irudieni safari ya hospitali, msirudie uwanja. Na shindano lako usiliue, wasichana walilipenda na mabweni yalipendeza. Wape sabuni za kipande, au bweni linaloshinda lichague filamu ya mwisho wa juma. Makopo yote ya kupuliza yatoke mabwenini, na harufu ya bweni iwe ya shuka lililoanikwa juani na dirisha lililofunguliwa. Pua yako italijua tu.

Sasa lile ambalo sikukwambia kwenye simu, kwa sababu nilikuwa bado sijaliona. Nililiona niliporudia barua yako jana. Ijumaa ya mwisho alikurudishia kopo. Aliyeandika hayo ni wewe, kwa mkono wako, ukayapita kama jambo la njiani. Kiranja wa bweni linaloshinda, mbele ya wenzake wote, anakwambia wape wengine. Ule haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anakuomba umwondolee kile kitu, kwa maneno pekee aliyoweza kuyasema watu wakisikia, nawe ukaamuru makofi ukamrudishia mkononi.

Sikukumbushi hili ili ulie. Nakukumbusha kwa sababu ndiyo habari njema pekee niliyoiona katika barua nzima. Mtoto huyu alishataka kuacha kabla hujamfumania, na mtu wa kumwambia alimchagua wewe. Basi mkitoka hospitali, usimpeleke ofisini kwako. Kaeni mahali, vua umatroni, uwe mama yake mdogo, umwambie, "Ile Ijumaa ulinirudishia kopo. Sikukuelewa. Leo nimekuelewa." Halafu nyamaza, umwache yeye aendelee.